RAM zaidi, SSD, au uiache ilivyo? Ulinganisho kwa anayetaka kuelewa kumbukumbu ya kompyuta yake

Kompyuta ikianza kusuasua, ushauri wa kwanza utakaousikia ni "ongeza RAM". Kuna wakati ushauri huo ni sahihi kabisa. Kuna wakati tatizo liko kwenye diski, na ukishaongeza RAM mashine inabaki vilevile, inachelewa kuwaka na kufungua programu kama jana. Tena kuna wakati hakuna cha kununua: kompyuta inafanya kazi inavyopaswa, ila mwenye nayo ameona tarakimu inayosema asilimia 80 ya kumbukumbu imetumika, akaingiwa na hofu.

Njia hizo tatu ndizo ninazozilinganisha hapa, pamoja na maamuzi yanayofuata kwa mtu aliyeamua kununua: GB ngapi, kipande kimoja au viwili, laptopu inayofunguka au iliyofungwa moja kwa moja. Lakini naanza na jinsi kumbukumbu inavyotumika, kwa sababu asiyelielewa hilo atachagua kwa kubahatisha, na fedha yake ndiyo itakayopotea.

Nini kinakaa wapi

RAM ni mahali ambapo prosesa inasoma na kuandika kazi inayoendelea sasa hivi. Kila biti hushikwa kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, na transista moja ndiyo inayofungua na kufunga njia ya chaji hiyo. Muundo huo ni wa Robert Dennard wa IBM, aliyepata hataza yake mwaka 1968, na RAM za leo bado zimejengwa juu ya wazo lake. Chaji huvuja, kwa hiyo RAM lazima iburudishwe, yaani chaji ijazwe upya, kila baada ya milisekunde 64 hivi. Umeme ukikatika, kila kitu kimekwenda. Diski, iwe ya sahani zinazozunguka au SSD, ambayo ni ya chipu tupu, hukumbuka hata bila umeme, na ndiyo maana faili ulilolihifadhi utalikuta kesho ilhali sentensi uliyoiandika bila kuihifadhi huikuti.

Tofauti ya kasi kati ya hizi ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Data iliyo kwenye RAM humfikia prosesa ndani ya nanosekunde 100 hivi. Iliyo kwenye SSD huchukua mikrosekunde 100 hivi, yaani mara elfu moja zaidi. Kwenye diski ya sahani, ambako kichwa lazima kisogee na sahani izunguke mpaka mahali panapotakiwa, ni kama milisekunde 10, mara laki moja ya RAM. Zikuze namba hizo ili akili izishike: kama RAM ingekuwa inajibu kwa sekunde moja, SSD ingejibu baada ya dakika 17, na diski ya sahani baada ya saa 28. Shika uwiano huo, maana karibu kila ninachokipendekeza hapa chini kinatokana nao.

Kuna pia kashe, kumbukumbu ndogo sana iliyo ndani ya prosesa yenyewe na yenye kasi kuliko RAM. Hiyo inakuja na prosesa na huwezi kuiongeza, kwa hiyo haimo katika ulinganisho huu.

Mfumo unavyogawa kumbukumbu

Programu unayoifungua haijui RAM yako ina ukubwa gani. Mfumo endeshi huipa kila programu anwani zake, kana kwamba iko peke yake kwenye mashine, kisha hutunza jedwali la kuonyesha kila anwani iko wapi hasa. Wazo hili lilianza kutumika kwenye kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1962, enzi ambazo kumbukumbu ilikuwa ghali mno na programu kubwa hazikuweza kuenea ndani yake. Kumbukumbu hugawanywa katika visehemu viitwavyo kurasa. Kwenye kompyuta nyingi ukurasa mmoja ni KB 4. Kwenye Mac zenye prosesa za Apple zenyewe ni KB 16.

Mgawanyo huo unaupa mfumo uhuru mkubwa. Programu ikiomba GB 2 hukubaliwa, lakini RAM yenyewe hutolewa ukurasa mmoja mmoja, pale programu inapougusa kwa mara ya kwanza. Programu mbili zinazotumia maktaba ileile ya msimbo hushirikiana kurasa zilezile. Na kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda zinaweza kutolewa RAM ili nyingine zipate nafasi.

Hapo kwenye kutoa ndipo inapoamuliwa kama mashine itakwenda au itakwama. Ziko kurasa ambazo nakala yake tayari ipo kwenye diski: msimbo wa programu, faili lililosomwa tu bila kubadilishwa. Mfumo unaweza kuzitupa papo hapo, na zikihitajika tena zitasomwa upya. Nyingine hazina nakala popote: waraka ambao bado hujauhifadhi, hali ya ukurasa wa wavuti uliojaza fomu nusu, mahesabu yaliyo katikati. Hizo hazitupiki. Ama mfumo uzibane ili zikae RAM kwa nafasi ndogo, au uziandike kwenye diski. macOS ilianza kubana kumbukumbu mwaka 2013, Windows 10 ikaja na uwezo huo mwaka 2015, na Linux ina zram kwa kazi hiyohiyo. Nafasi ya diski inayotumika kuandikia kurasa hizo Windows huiita pagefile, Linux huiita swap.

Programu ikirudi kugusa ukurasa uliohamishwa, husimamishwa kidogo, mfumo unakwenda kuuleta, kisha kazi inaendelea. Uhaba ukiwa mdogo huhisi chochote. Uhaba ukizidi, mfumo unajikuta unatoa kurasa zitakazotakiwa sekunde moja baadaye, unazirudisha kwa kutoa nyingine ambazo nazo zinatakiwa, na mashine nzima inaishia kuhamisha tu. Kielekezi cha kipanya kinaganda, taa ya diski haizimi. Hali hiyo ndiyo tunayoikimbia, na ndiyo pekee ambayo RAM zaidi inaitibu kwa hakika.

Iliyojaa na isiyotosha ni vitu viwili tofauti

RAM iliyo tupu haikusaidii kitu, na inaburudishwa kwa umeme uleule kama iliyojaa. Kwa hiyo mifumo yote ya kisasa huijaza kwa makusudi: huweka humo mafaili uliyoyasoma karibuni na programu unazozifungua mara kwa mara, ili ukizihitaji zipatikane bila kwenda kwenye diski. Nafasi hiyo huachiliwa mara programu nyingine inapoihitaji. Ndiyo maana kompyuta ya GB 16 itaonyesha matumizi makubwa kuliko ya GB 8 ingawa zote mbili zimefunguliwa vitu vilevile. Ni dalili njema, na naomba usiiogope.

Kwenye Linux andika free -h uone. Safu iitwayo free huwa na namba ndogo na huwatisha wageni. Ya kusoma ni available, inayokadiria RAM inayoweza kupatikana bila kuhamishia kitu kwenye swap. Kwenye Mac fungua Activity Monitor na uangalie grafu ya shinikizo la kumbukumbu iliyo chini: ikiwa ya kijani, tulia, hata kama namba zilizo pembeni yake zinaonekana kubwa. Ikiwa ya njano mara kwa mara, anza kufikiri. Ikiwa nyekundu, unaumia tayari.

Kwenye Windows bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, kisha Memory. Watu wengi huishia kwenye asilimia. Mimi ningekuomba uangalie Committed, yenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju. Ya kwanza ni kumbukumbu ambayo mfumo umeziahidi programu. Ya pili ni kikomo cha ahadi, yaani RAM na pagefile kwa pamoja. Ya kwanza ikizidi sana ukubwa wa RAM yako, sehemu ya kazi yako ina nafasi kubwa ya kuwa imebanwa au iko diskini. Ikiikaribia ya pili, programu zitaanza kunyimwa kumbukumbu na baadhi zitafunga ghafla.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni mwendo wa kurasa. Resource Monitor ya Windows ina safu ya Hard Faults kwa sekunde, yaani mara ambazo ukurasa umelazimika kuletwa kutoka diskini. Linux ina vmstat 1, yenye safu za si na so zinazoonyesha kiasi kinachorudi kutoka swap na kinachokwenda huko. Namba zikipanda kwa muda mfupi unapofungua programu, hilo ni la kawaida, kwani programu yenyewe inasomwa kutoka diskini. Zikibaki juu wakati unaandika tu au unahama kutoka dirisha moja kwenda jingine, RAM haitoshi, na hapo hakuna ubishi.

Usijumlishe pia matumizi ya kila kipengele cha kivinjari ukidhani umepata jumla halisi. Kwa kuwa vipengele hivyo hushirikiana kurasa, ukurasa mmoja unaweza kuhesabiwa mara nyingi, na jumla yako ikatoka kubwa kuliko ukweli.

Na zile programu zinazojitangaza kwamba "zinasafisha RAM", ziepuke. Zinachofanya ni kuulazimisha mfumo utupe kurasa ulizokuwa umezitunza kwa faida yako. Asilimia inashuka, unafurahi, kisha kila unachokigusa kinasomwa upya kutoka diskini.

RAM zaidi au SSD

Sasa tufike kwenye uamuzi mkubwa. Dalili zinatofautiana, na ukizisikiliza vizuri zitakuambia. Kompyuta inayochelewa kuwaka, inayochelewa kufungua programu kwa mara ya kwanza, lakini ikishafunguka inakwenda sawa, inalalamikia diski. Inayowaka haraka na kufungua haraka, kisha inaganda ukiwa na madirisha mengi, hasa unaporudi kwenye programu uliyoiacha kwa muda, inalalamikia RAM.

Kwa kompyuta yenye GB 8 na diski ya sahani, sisiti: badilisha diski. Hakuna RAM itakayofanya diski ya sahani iwashe mfumo haraka, kwa sababu kitu lazima kisomwe mara ya kwanza kabla ya kukaa RAM. Kwa yenye GB 4 na SSD tayari, ongeza RAM.

Kesi ngumu ni ya GB 4 pamoja na diski ya sahani, na fedha ya kitu kimoja tu. Wengi husema RAM. Mimi nasema SSD, na sababu iko kwenye hesabu ya kurasa. Diski ya sahani inaweza kusoma MB 150 hivi kwa sekunde data ikiwa imepangana mfululizo, na namba hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye karatasi ya sifa zake. Lakini kurasa zilizohamishwa huwa zimetawanyika. Ikiwa kila ombi linachukua milisekunde 10, diski inatimiza maombi 100 tu kwa sekunde, na kwa kurasa za KB 4 hiyo ni KB 400. Chukua programu ambayo MB 100 zake zimehamishiwa diskini: ni kurasa 25,600, na kuzirudisha moja moja ni sekunde 256, zaidi ya dakika nne. SSD inayojibu kwa mikrosekunde 100 huzirudisha kwa sekunde mbili na nusu hivi. Mifumo huleta kurasa kwa mafungu, hivyo mara nyingi hali huwa afadhali kuliko hesabu hii kali, lakini uwiano kati ya diski hizo mbili haupotei. SSD inaharakisha kuwaka, inaharakisha kufungua programu, na juu ya hayo inapunguza makali ya uhaba wa RAM. RAM zaidi inatibu uhaba peke yake.

Hata hivyo, usiichukue SSD kama mbadala wa RAM. Bado iko nyuma mara elfu moja. Uhaba mkubwa unaifanya iandikwe bila kupumzika, na seli za SSD zina idadi ya maandiko zinayostahimili kabla ya kuchoka. Kwa matumizi ya kawaida uchakavu huo haukuhusu. Kwa mashine inayoishi kwenye swap kutwa kucha, unakuhusu.

Ukishaamua SSD, huenda ukajiuliza kuhusu SATA na NVMe, njia mbili za kuiunganisha SSD na kompyuta. SATA hufikia MB 550 hivi kwa sekunde, NVMe inayopita kwenye njia ya PCIe 3.0 hufikia 3,500 hivi na ya toleo jipya zaidi, PCIe 4.0, hufikia 7,000 hivi. Ukitoka kwenye diski ya sahani, yoyote kati yao utaiona kama kompyuta mpya. Tofauti kati ya SATA na NVMe utaihisi ukinakili mafaili makubwa. Ukifungua programu za kila siku utaihisi kidogo. Nunua ile ambayo kompyuta yako inaipokea.

GB 8, 16 au 32

Windows 11 inakubali kusakinishwa kwenye GB 4. Kukubali kusakinishwa na kufanya kazi kwa raha ni mambo mawili, na kwa Windows ya leo GB 4 simshauri mtu yeyote. Kwa mashine kuukuu yenye kiasi hicho ambacho hakiongezeki, Linux yenye mazingira mepesi pamoja na zram ni chaguo la heshima kabisa.

GB 8 zinamtosha anayeandika, anayesoma barua pepe, anayetazama video na kufungua vichupo vichache. Lakini zinamtosha bila ziada. Mlaji mkubwa wa siku hizi ni kivinjari. Tangu Chrome 67 ya mwaka 2018, kwenye kompyuta kila tovuti huendeshwa ndani ya mchakato wake, ili tovuti moja isiweze kuchungulia data ya nyingine. Ulinzi huo ni mzuri na sitaki uuzime, ila unalipiwa kwa RAM. Tena kama kompyuta haina kadi ya picha yenye kumbukumbu yake, sehemu ya RAM huazimwa kwa ajili ya kioo, na GB 8 zako hazibaki 8 kamili.

GB 16 ndizo ninazozipendekeza kwa karibu kila mtu anayenunua mashine ya kukaa nayo miaka kadhaa. Apple, waliong'ang'ania kuanzia GB 8 kwa muda mrefu, walihamia GB 16 kama kiwango cha chini kwenye Mac zao mpya mwaka 2024. Mwanafunzi, mwandishi, mhasibu mwenye majedwali mazito, mwandaaji wa programu anayeanza: wote wanaenea hapa.

GB 32 zina watu wake, na njia ya kujua kama wewe ni mmoja wao ni kukadiria ukubwa wa kitu kimoja unachokifanyia kazi. Picha ya megapikseli 24, ikihaririwa kwa biti 16 kwa kila rangi kati ya tatu, inachukua MB 144 kwa tabaka moja. Tabaka ishirini zinakaribia GB 3, kabla hujahesabu historia ya kutengua. Kompyuta pepe unayoiendesha ndani ya kompyuta yako inahitaji RAM yake kamili, kama GB 4 au 8, juu ya ile unayoitumia wewe. Modeli ya lugha yenye parameta bilioni 7 inachukua GB 14 kwa parameta hizo tu ikiwa kila moja imehifadhiwa kwa biti 16, na GB 3.5 ikiwa imebanwa hadi biti 4. Ukifanya hesabu ya namna hiyo na jumla ikakaribia 16, nunua 32. Isipokaribia, kuwa na 32 hakutafanya barua pepe zifunguke haraka: RAM isiyohitajika haiongezi kasi, zaidi ya kutunza mafaili mengi zaidi karibu.

Kipande kimoja au viwili

Prosesa nyingi za kompyuta za kawaida huwa na njia mbili za kufikia RAM. Ukichomeka kipande kimoja, njia moja inafanya kazi. Ukichomeka viwili vinavyolingana, zote mbili zinafanya kazi na upana wa mapito unakuwa maradufu: kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4-3200 kinapitisha GB 25.6 kwa sekunde, viwili GB 51.2.

Kuandika, kuvinjari na kupiga hesabu hakutaonyesha tofauti kubwa. Michezo na kazi za picha kwenye kompyuta isiyo na kadi ya picha ya peke yake zitaionyesha waziwazi, maana hapo prosesa na kitengo cha picha wanagombania RAM ileile. Kwa mtu huyo, 8 na 8 ni bora kuliko 16 moja. Lakini kama mashine ina nafasi mbili tu na unaona mbele utahitaji 32, chukua 16 moja sasa na nyingine baadaye. Ukichukua 8 mbili utalazimika kuzitoa zote.

Vipande visivyolingana ukubwa, kwa mfano 4 na 8, kwa kawaida hufanya kazi pamoja, sehemu yake ikitumia njia mbili na sehemu iliyobaki ikitumia moja. Vya kasi tofauti hushuka wote hadi kasi ya aliye nyuma. Hakuna ubaya, mradi ujue unachokipata.

Inayochomekwa au iliyolehemiwa

Laptopu nyingi nyembamba zina RAM iliyolehemiwa kwenye ubao mama, mara nyingi ya aina ya LPDDR. Inatumia umeme kidogo, inachukua nafasi ndogo, na mara nyingi ina kasi kubwa kuliko ya kuchomeka. Kwenye Mac zenye prosesa za Apple iko ndani ya kifurushi kimoja na prosesa, na kitengo cha picha kinaitumia hiyohiyo. Faida hizo ni za kweli. Gharama yake ni kwamba kiasi ulichokinunua siku ya kwanza ndicho utakachokufa nacho, na RAM ikiharibika ubao mzima uko hatarini.

Kwa hiyo kanuni yangu inageuka kulingana na mashine. Kwenye inayochomekwa, nunua ya kukutosha leo na uache mlango wazi. Kwenye iliyolehemiwa, panda ngazi moja juu ya unachodhani unahitaji, kwa sababu hutapata nafasi nyingine ya kurekebisha. Kabla ya kulipa, soma sifa za modeli kamili unayoinunua, kwani modeli mbili zenye majina yanayofanana zinaweza kutofautiana hapo. Kwenye Linux, sudo dmidecode -t memory inaonyesha nafasi zilizopo na kiasi cha juu ambacho ubao unaripoti kukipokea.

Kuhusu DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya RAM, ubao mama umeshakuamulia. Zote mbili za kompyuta ya mezani zina pini 288, lakini mkato wa DDR5 uko mahali pengine na volti zake ni 1.1 badala ya 1.2, hivyo moja haiingii pa nyingine. Ukinunua kompyuta mpya kabisa, DDR5 ina maisha marefu zaidi mbele yake. Ukiwa na ya DDR4 yenye GB za kutosha, usiitupe kwa ajili ya herufi na tarakimu.

Kabla ya kununua chochote

Hakikisha mfumo wako ni wa biti 64. Anwani za biti 32 zinaishia kwenye baiti 4,294,967,296, yaani GB 4, na Windows ya kawaida ya biti 32 haitumii zaidi ya hapo hata ukichomeka 16. Baadhi ya mashine za zamani zina prosesa ya biti 64 iliyosakinishiwa mfumo wa biti 32. Hapo dawa ni kusakinisha upya.

Kisha punguza programu zinazojifungua zenyewe mashine inapowaka, na viongezi vya kivinjari usivyovitumia. Kama kumbukumbu inayotumika inapanda polepole siku nzima bila wewe kufungua kitu kipya, kuna programu inayoomba kumbukumbu na kusahau kuirudisha. Itafute kwenye orodha, ifunge na kuifungua upya, na uisasishe. RAM ya ziada kwa kasoro hiyo inachelewesha tu saa ya kuganda.

Usizime pagefile au swap kwa kudhani utaharakisha mashine. Ukiizima, kurasa za programu zilizolala tangu asubuhi zinakosa pa kwenda, zinabaki RAM, na zinazobanwa ni zile unazozitumia. Kikomo cha ahadi kwenye Windows kinashuka, na programu inaweza kunyimwa kumbukumbu ilhali RAM bado ina nafasi. Kwenye Linux, kumbukumbu ikiisha kabisa, kiini cha mfumo huchagua mchakato mmoja na kuuua ili mashine ipone, na unaweza ukawa ule wenye kazi yako isiyohifadhiwa. Kati ya kuiacha na kuizima, iache, hata ukiwa na GB 32.

Ukinunua RAM, ijaribu kabla ya kuiamini na kazi yako. Windows ina Windows Memory Diagnostic ndani yake, na Memtest86+ inaendeshwa kutoka kwenye kiendeshi cha USB bila kuhitaji mfumo wowote. Iache ipite mizunguko yote usiku kucha. Ikionyesha kosa hata moja, zima mashine, toa vipande, vichomeke upya vikae sawasawa, urudie jaribio kwa kila kipande peke yake. Kinachorudia kosa kirudishe dukani wakati dhamana bado ipo, kwa kuwa RAM mbovu huharibu data kimyakimya kabla ya kuiangusha kompyuta, na data hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye diski unapobonyeza kuhifadhi.